Wimbo si dawa, lakini mgonjwa wa akili ana haki ya kutumbuizwa

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imekatika punde tu, ndugu yangu mdogo alitoka pekupeku nyumbani kwa mama yetu hapa Uthiru. Alisimama katikati ya njia ya udongo, akaanza kuwakaripia watu ambao sisi wengine hatukuwaona. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukipiga tope kwa kasi kama mtu anayetwanga. Majirani walitoka. Vijana wawili wa bodaboda walileta kamba. Mzee mmoja alishauri tumfunge kwanza, maombi yafuate. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu na miaka mingi ya kusimama mbele ya wanafunzi, nilikuwa nimeshika simu nikitafuta gari, wala sikuwa na neno la kumwambia mtoto wa mama yangu.

Mama alijifunga leso, akatoka. Hakumgusa. Alisimama hatua chache kutoka alipokuwa, akaanza kupiga makofi, na makofi hayo yalifuata kasi ile ile ya mguu uliokuwa ukipiga tope. Kisha akaingiza wimbo wa kanisani wa Kikuyu ambao ndugu yangu aliuimba katika kwaya alipokuwa mvulana. Aliuimba kwa haraka mno, haraka isiyokuwa na heshima kwa wimbo wenyewe, na mzee yule alikunja uso. Baada ya beti mbili makofi yalianza kupungua kasi, na mguu ukapungua nayo. Haikupita nusu saa, ndugu yangu alikuwa ameketi juu ya jiwe lililo kando ya lango, akivumisha wimbo ule puani huku macho yake yakitazama chini. Kamba ilirudishwa ilikotoka. Asubuhi tulimpeleka hospitali kwa teksi, naye aliingia garini kwa miguu yake mwenyewe.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kwa muda wa miaka miwili kabla ya usiku ule, mimi ndiye niliyekuwa nimelificha gitaa lake na kuiondoa redio chumbani mwake. Hakuna daktari aliyenishauri hivyo. Niliona tu kwamba mtu anayesikia sauti zisizokuwapo hafai kuongezewa sauti nyingine. Ya pili ni kwamba nilipomtembelea wodini siku ya tatu nikamuuliza ni nini kilichomtuliza, alinijibu kwa Kikuyu, nami natafsiri: "Wale huongea nikinyamaza. Nikiimba, wao hungoja."

Jibu hilo lilinirudisha maktabani, maana lilinigusa mahali ambapo kazi yangu yenyewe imekita mizizi. Isimu ni taaluma ya sauti za binadamu. Nilijiona mjinga kwamba mgonjwa amenipa nadharia ambayo mimi sikuwa nimeitafuta.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya hali hii ya moyo: wasiwasi, fadhaa, kihoro, jakamoyo. Neno tunalolitumia mno ni wasiwasi, na asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ya awali ni kunong'ona, hasa ule mnong'ono unaomjia mtu asijue unakotoka. Sisi wenye afya tumelichakaza neno hili hata likawa la mtihani na la kodi ya nyumba. Kwa mtu mwenye skizofrenia, neno hili bado liko hai kwa maana yake ya mwanzo. Hofu yake si hofu tupu, kwani ina sauti, ina sarufi, mara nyingine ina jina la mtu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 duniani walikuwa wakiishi na maradhi hayo. Wengi wao, licha ya kusikia sauti na kushuku watu, huandamwa na hofu isiyolala, na aghalabu hofu hiyo ndiyo inayomtoa mtu nje usiku wa manane.

Sasa tutazame kauli ya ndugu yangu. Mwaka 1948, daktari mmoja wa Marekani, Louis Gould, alichapisha matokeo ya kupima misuli ya koo na midomo ya wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti. Aliona kwamba kwa wagonjwa hao misuli ya kusemea ilikuwa na mtikisiko zaidi kuliko kwa wale wasiosikia kitu, ingawa midomo ilikuwa imefungwa. Kwa maneno mengine, yamkini sauti anayoisikia mgonjwa ni usemi wake mwenyewe ambao akili imeshindwa kuutambua kuwa ni wake. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na hakuna anayedai leo kwamba jambo lote limefumbuliwa. Hata hivyo, maadamu koo ni moja na ulimi ni mmoja, si ajabu kwamba mtu anapoimba au kuvumisha wimbo, chombo kile kile ambacho huenda kinanong'ona kinapata kazi nyingine. Wao hungoja.

Fauka ya hayo, kuimba ni kupumua. Mwenye hofu huvuta pumzi fupi fupi za juu juu, moyo ukaenda mbio, na mbio za moyo zikamwongezea hofu. Wimbo humlazimu mtu kuvuta pumzi upesi na kuitoa polepole mpaka mwisho wa mshororo. Kutoa pumzi polepole ni mojawapo ya njia chache tulizo nazo za kuuambia moyo utulie, kwa sababu moyo wenyewe hausikii amri.

Mama yangu hakusoma vitabu hivyo. Wala hakumsoma Ira Altshuler, daktari wa akili aliyefanya kazi katika hospitali kubwa ya Eloise, jimbo la Michigan, katika miaka ya 1940. Huyu alifundisha kanuni ambayo wataalamu wa tiba ya muziki wanaitumia hata leo: usimpigie muziki mpole mtu aliyechafukwa ukitarajia atulie, bali anza kwa kasi na hali aliyo nayo yeye, mkutane hapo, kisha umvute kidogo kidogo kuelekea utulivu. Ndiyo maana wimbo wa mama ulianza kwa haraka isiyo na heshima. Mzee wa kanisa alisikia wimbo unaharibiwa, kumbe mama alikuwa anakwenda kumchukua mwanawe mahali alipokuwa amefika.

Nathubutu kusema kwamba kanuni hiyo haikuzaliwa Michigan. Katika pwani yetu, tangu Lamu mpaka Unguja na Pemba, mganga wa pepo hakumpigia mgonjwa ngoma yoyote iliyomjia mkononi. Kila kabila la pepo lilikuwa na ngoma yake, nyimbo zake, mavazi yake, ubani wake na hata lugha yake. Pepo wa kibuki, kwa mfano, husemwa kuwa walitoka Bukini, yaani Madagaska, na hawaitikii ngoma ya wengine. Kazi ya kwanza ya mganga ilikuwa kutafuta ni mdundo gani unaomgusa mgonjwa huyu. Msomaji asiyeamini pepo hatakiwi kuamini. Mimi pia siamini. Ila kama mwanaisimu naona kwamba waliojenga utaratibu ule walijua jambo ambalo hospitali zetu zimelisahau: mgonjwa hana budi kuitwa kwa sauti anayoitambua.

Neno ngoma lenyewe ni ushahidi. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alifuata desturi za ngoma katika miji ya Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland ya wakati huo, na Cape Town, akaonyesha kwamba katika sehemu kubwa ya nchi za lugha za Kibantu neno hili hubeba ala, wimbo, mchezo na uganga kwa pamoja. Huku kwetu Kikuyu ala huitwa kĩhembe, na ngoma ni mizimu, roho za waliokufa. Mwanafunzi wangu yeyote atakayeandika kwamba maneno mawili ni ndugu wa damu kwa kuwa yanafanana masikioni nitampa sifuri, kwa hiyo sitasema hivyo mwenyewe. Ninachosema ni kwamba Mswahili hakuwahi kuhitaji maneno mawili, moja la burudani na jingine la tiba. Kitenzi kutumbuiza ni hivyo hivyo. Leo magazeti yetu huandika kwamba bendi fulani itatumbuiza mashabiki Ijumaa, ilhali mama anayembembeleza mtoto mwenye homa naye anatumbuiza, na maana yake ya kuliwaza ndiyo iliyo karibu zaidi na kiini cha neno.

Wala si sisi pekee. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Daudi akimpigia kinubi mfalme Sauli kila roho mbaya ilipomjia. Wasomaji wa historia ya Uislamu wanaijua hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili iliyojengwa Edirne, Uturuki, mwaka 1488, ambako msafiri Evliya Çelebi aliyeishi karne ya 17 aliandika kwamba wanamuziki waliajiriwa kuwapigia wagonjwa, wakiwemo wagonjwa wa akili, mara tatu kwa wiki. Waliajiriwa. Neno hilo nitalirudia baadaye.

Sisi tulirithi nini? Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, ilianza mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwatenga wendawazimu, na jina lake la Kiingereza lilisema hivyo waziwazi. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo mno sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mtu mwenye imani hiyo hawezi kumuuliza mgonjwa ni wimbo gani alioimbiwa na nyanya yake. Mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho, huko Abeokuta, Nigeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo alianza utaratibu wa kijiji cha Aro: wagonjwa walikaa vijijini na jamaa zao, wakapewa dawa za kizungu hospitalini, huku waganga wa jadi wakishirikishwa na maisha ya kijiji yakiendelea. Njia mbili zilifunguka mbele ya Afrika wakati ule, na nchi yetu ilikaa muda mrefu katika ile ya kwanza, ya ukuta na lango.

Sikatai kwamba mengi yamebadilika. Mathari leo ni hospitali ya taifa ya rufaa na mafunzo, na humo wamo wauguzi na madaktari wanaofanya kazi inayostahili heshima. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na sasa inazungumza kwa uwazi juu ya haki za mgonjwa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume cha Katiba. Lugha ya sheria, basi, imepiga hatua. Sauti ya wodi haijaifuata. Katika wodi aliyolazwa ndugu yangu, ambayo sitaitaja, nilisikia milango ya chuma, televisheni isiyotazamwa na mtu, na majina yakiitwa wakati wa vidonge.

Je, upo ushahidi kwamba muziki unafaa, au ni hisia za mwana kwa mama yake? Upo. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalopima tafiti za tiba kutoka pande zote za dunia, lilichapisha tathmini ya tafiti 18 zilizohusu watu 1,215 wenye skizofrenia na maradhi yanayofanana nayo. Waliopewa tiba ya muziki pamoja na matibabu ya kawaida walionekana kupata nafuu zaidi katika hali yao kwa jumla, katika dalili kadhaa za maradhi na katika kuchangamana na watu, kuliko wale waliopewa matibabu ya kawaida pekee. Tathmini hiyo ilitaja pia mambo mawili ambayo hayapasi kufichwa. Kwanza, ushahidi wenyewe ni wa nguvu ya wastani na pengine hafifu. Pili, nafuu ilitegemea idadi ya vikao na ustadi wa anayeviongoza. Wimbo mmoja wa Krismasi unaoletwa na kwaya ya wageni wenye zawadi za sabuni hauingii katika hesabu hiyo.

Na lile neno "pamoja" ndilo ninalotaka lisomwe mara mbili. Ndugu yangu anameza vidonge kila jioni, na bila vidonge hivyo hakuna wimbo utakaomfikia. Nimeona familia zilizotupa dawa kwa sababu mtu fulani aliwaahidi kwamba ngoma au kesha litatosha. Nimeona pia kesha lenyewe: mgonjwa anawekwa mbele ya vipaza sauti tangu saa tatu za usiku hadi alfajiri, halali, hali, na watu wanafurahia anapoanguka. Kumnyima usingizi mgonjwa wa aina hii ni kumchochea ugonjwa. Anayefanya hivyo asije akajifariji kwamba anafanya kazi ya Daudi. Daudi alipiga kinubi mpaka Sauli alipopata nafuu, hakumpigia kumwangusha.

Muziki una makali yake. Mtu aliye katika hali ya kuchangamka kupita kiasi anaweza kupandishwa zaidi na mdundo wa haraka usioshushwa. Wimbo uliopigwa siku ya msiba unaweza kuurudisha msiba wote. Wapo wanaosikia maneno ya wimbo kama amri wanayopewa wao binafsi. Ndiyo sababu mgonjwa ndiye anayepaswa kuchagua, na ndiyo sababu anahitajika mtu aliyefunzwa, anayejua muziki na anayejua maradhi. Kosa langu la kuificha gitaa na kosa la wenye kesha ni kosa moja: sote tuliamua bila kumuuliza mwenyewe.

Napendekeza mambo matatu, nayo si ghali. Hospitali zinazolaza wagonjwa wa akili zitenge chumba na kuwaajiri wanamuziki waliofunzwa, wawe watumishi wenye mishahara kama walivyokuwa wale wa Edirne, wala si wafadhili wa sikukuu. Vyuo vikuu vyetu, ambavyo baadhi yavyo vina idara za muziki na idara za uuguzi zisizoamkiana hata kwenye kantini, viandae mafunzo ya pamoja, na wanafunzi wa isimu na fasihi simulizi washirikishwe kukusanya nyimbo za kubembelezea na za kazi katika lugha zetu. Mgonjwa wa Turkana hatatulizwa na wimbo wa Uthiru. Jambo la tatu linawahusu walimu.

Katika miaka ya mwisho ya KCPE, hadi mtihani ule ulipofungwa mwaka 2023, muziki haukuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa. Kila mwalimu anajua kilichotokea: kipindi cha muziki kilibaki kwenye ratiba ukutani na hisabati ikafundishwa darasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umeirudisha sanaa katika maneno. Tusikubali iishie kwenye maneno tena. Ndugu yangu aliupata wimbo ule akiwa na umri wa miaka kumi, kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi aliyewakusanya watoto chini ya mti baada ya masomo. Mwalimu yule hakujua kwamba anamwekea mtoto mmojawapo akiba ya miaka ishirini mbele. Wanafunzi wa vyuo nao wasome hili kwa makini, kwa kuwa maradhi haya hupenda kuanza katika umri wao. Mwenzako wa chumbani akianza kujifungia na kuzijibu sauti usizozisikia, mpeleke kwa mshauri na kwa daktari mapema, na usimnyang'anye redio yake.

Gitaa nililirudisha. Lilikuwa limekatika uzi mmoja, na kwa wiki kadhaa sikupata nafasi ya kwenda mjini kununua mwingine, kwa hiyo alipiga nyuzi tano. Sauti hazijamwacha, na mwezi wa Agosti alilazwa tena kwa siku tisa. Lakini sasa anapohisi jakamoyo linapanda, huketi juu ya lile jiwe la langoni na kuanza kupiga, kwa haraka kwanza, kisha polepole. Watoto wa jirani wamezoea kuja kumsikiliza wakitoka shule. Vijana wa bodaboda nao humwagiza nyimbo. Mama hutazama kutoka dirishani, naye hajawahi kuniuliza gitaa lile lilikuwa wapi miaka miwili ile.